Kipara Anaota Nywele

Mkono wa Kinyozi ulikuwa bado mgongoni mwa mbwa.

Juma lililopita tulimwacha papo hapo, amechuchumaa kando ya kikapu. Mama Magari alikuwa ametoka kumpigia simu kwamba anakuja leo hii hii kumnunua Kipara, tena bei haina maneno. Kinyozi, kwa furaha, akampapasa mbwa mgongoni.

Na mgongo ukamkwaruza!

Mgongo wa mbwa wa aina ya Laini! Mbwa ambaye, kwa mujibu wa cheti chake chenye nembo ya dhahabu, haoti unyoya hata mmoja tangu siku ya kuzaliwa hadi siku ya kuzikwa!

Kinyozi alipapasa tena, safari hii kinyume, kutoka mkiani kwenda shingoni. Viganja vyake vimeshika vichwa na videvu vya watu tangu ujana wake. Havikuhitaji miwani wala taa.

"Mke wangu," aliita. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtu aliyemeza kifungo cha shati.

"Nina mkasi mkononi," alijibu mkewe kutoka nyuma ya pazia.

"Uache. Njoo."

"Nikiuacha katikati ya kitambaa utakuja kukata wewe?"

"Kipara anaota nywele."

Mkasi ulisikika ukianguka.

Kwa wewe unayeanza nasi leo, twende haraka. Kinyozi ana saluni ya viti viwili inayotazama barabara, na nyuma ya pazia ndiyo nyumba. Mkewe ni fundi wa kushona nguo ambaye kwa sasa hana cherehani. Cherehani yake ndiyo iliyotolewa ili kupata mbwa. Shemeji, mdogo wake wa kiume huyo mke, anayenyoa kwenye kiti cha pili, ndiye aliyeleta habari za mfugaji mkubwa wa mbwa wa Laini, mfugaji mwenye shughuli nyingi kiasi kwamba hakuna aliyewahi kumwona. Shemeji akaondoka na cherehani begani, akarudi na mtoto wa mbwa kwapani. Mbwa angekua, angetafutiwa mchumba, wangezaliwa watoto wa bei mbaya, na nyumba hii ingenunua cherehani tatu kwa mpigo.

Kilichokua hadi sasa ni gharama.

Chakula cha Kipara huja kwenye kopo lenye picha ya mbwa aliyevaa tai. Ngozi yake hupakwa mafuta ambayo Mama Mkwe, mama yake Kinyozi, aliwahi kuyapikia akidhani ni ya jikoni, na watu wakaomba kuongezewa. Ana sindano za homa, na sindano za kumlinda asidhurike na sindano za homa. Analipiwa ada ya Chama cha Wamiliki wa Laini. Ana feni ya wakati wa joto, blanketi la wakati wa baridi, na mwavuli. Mwavuli!

Na nyuma ya pazia, juu ya kitanda, zimelala sare za shule: karibu zote zimekatwa, zimepangwa, hazijashonwa. Wazazi walishalipa. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Mke wa Kinyozi ameanza kuzishona kwa mkono, na vidole vyake vimejaa plasta. Ndiyo maana simu ya Mama Magari iliingia humu ndani kama mgeni mwenye zawadi. Mbwa aende, cherehani ipatikane, watoto wavae. Hakuna alichokiomba mke wa Kinyozi zaidi ya hapo.

Sasa mbwa anaota nywele.

Mkewe alipiga magoti kando ya kikapu. Kipara akamlamba pua.

"Labda ni vipele," alisema Kinyozi.

"Vipele vyeusi vyenye ncha?"

"Labda baridi imemsisimua."

"Mume wangu."

"Labda ni yale mafuta. Mafuta mazuri yanaotesha, mimi nimeona kwa wateja."

"Mume wangu, nitazame. Kazi yako ni nini?"

"Kinyozi."

"Na huyu amefanywa nini?"

Kinyozi alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Amenyolewa," alinong'ona.

Ungedhani mkewe atapiga kelele. Hapana, alicheka. Alicheka mpaka futi ya kupimia ikamteleza shingoni, mpaka akashika mguu wa kiti cha saluni asianguke. "Wengine wanatapeliwa gizani, jamani! Wewe umeuziwa mbwa aliyenyolewa, ndani ya saluni, taa zimewaka, vioo viwili mbele yako!"

Kicheko kikakatika. Alifuta machozi, na machozi yakaendelea kuja.

"Sare za watoto wa watu," alisema.

Pazia likafunguka kwa kishindo, kama pazia linaweza kufunguka kwa kishindo. Aliingia Mama Mkwe, aliyekuja kukaa siku chache akanogewa.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama," alisema Kinyozi. "Kipara ana nywele."

"Hata mimi ninazo. Ndiyo mnalia?"

"Mama, aina yake haina nywele. Huyu ni mbwa wa kawaida. Tuliuziwa amenyolewa. Na Mama Magari yuko njiani kuja kumnunua."

Mama Mkwe alimtazama mbwa, akamtazama mwanawe, akatazama mashine ya kunyolea iliyoning'inia kwenye msumari.

"Mnyoeni," alisema.

"Mama!"

"Amekuja amenyolewa, aondoke amenyolewa. Ninyi mmeongeza nini hapo? Mimi niliomba mjukuu, mkaniletea huyu. Analala kwenye mto wangu. Anapulizwa na feni, mimi natoka jasho. Na sikusema kitu."

"Ulisema, mama. Kila siku."

"Sikusema chote! Leo nasema. Shika mashine."

Kinyozi alimtazama mkewe. Mkewe alitazama pazia, na nyuma ya pazia zilikuwepo sare.

"Fanya unavyoona," alisema, akainuka, akaenda.

Aliyeoa anajua. "Fanya unavyoona" maana yake ni usifanye. Kinyozi alijua vizuri sana, lakini mkono ulishafika kwenye msumari.

Alilaza ubao wa watoto juu ya mikono ya kiti, akampandisha Kipara, akamfunga kitambaa shingoni. Mashine ikanguruma. Alitarajia purukushani. Kipara alifumba macho, akaweka kidevu chake juu ya kiganja cha Kinyozi, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyefika nyumbani. Wapo wateja watu wazima, wenye familia, wasiojua kutulia hivyo.

"Amezoea," alisema Mama Mkwe. "Muone. Amebakiza kuomba gazeti."

Upande wa kushoto ulikuwa umekwisha, unang'aa kama sahani, mlango wa barabarani ulipofunguka. Aliingia Shemeji na chupa ya soda.

Alipoona kilichoko kwenye ubao, soda ilimpitia njia ya hewa.

"Shemeji! Unafanya nini?"

"Namnyoa Kipara."

"Kwani ana... ana nywele?"

"Inaelekea."

"Ajabu kubwa! Mfugaji atashangaa sana."

"Mpigie simu tumshangaze."

"Hapatikani. Yuko milimani."

"Jana ulisema yuko pwani."

"Anashukashuka."

Kinyozi aliendelea kunyoa. Alikuwa amefika kichwani, sehemu inayohitaji utulivu. Alizunguka paji, akapita juu, akafika nyuma ya sikio la kulia. Hapo palikuwa na alama ya ukoo.

Alama ya ukoo, msomaji, ni kijimkia cha nywele chenye urefu wa kucha. Cheti kilieleza kwamba kijimkia hicho, nyuma ya sikio la kulia tu, ndicho kitambulisho pekee cha Laini wa ukoo bora. Nyumba nzima ilikiheshimu. Mke wa Kinyozi alikichana kwa kitana cha mtoto. Mama Mkwe, pamoja na maneno yake yote, alikuwa amekifunga utepe siku ya picha.

Mkono wa Kinyozi ulifika hapo na, bila kumuuliza mwenyewe, ukakiondoa. Mara moja. Kwa mazoea.

Akaganda.

Kwa mazoea! Kwa nini kwa mazoea?

Kwa sababu mkono huo hufanya hivyo kila siku ya kazi. Shemeji hunyoa kwa mkono wa kushoto, na hajawahi kujifunza kuinama mpaka nyuma ya sikio la kulia. Kila anayetoka kwenye kiti cha pili hutoka na kijimkia. Kinyozi humwambia, "Hebu kaa kidogo, mzee," akakiondoa, akapuliza, akampa mkono wa kwaheri. Wazee, maharusi, walimu, askari: nusu ya mtaa huu wamewahi kuwa, kwa dakika moja, Laini wa ukoo bora.

Kinyozi aliinua macho polepole mpaka kwenye kioo.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Nimeujua ukoo."

"Ukoo gani tena?"

"Uko hapa sakafuni. Nimekuwa nikiukata kwenye vichwa vya watu tangu siku niliyokuajiri."

Shemeji alitazama sakafu. Akatazama mlango. Mguu mmoja ulishaanza safari.

Honi ikapiga nje. Honi ndefu, ya gari la mtu asiyejali kama umelala.

"Mama Magari!" Mama Mkwe alipiga makofi. "Na huyu ana upande mmoja!"

Kipara alisimama juu ya ubao. Kushoto, sahani. Kulia, shavu la mlevi.

Shemeji hakutoka nje. Alifanya jambo la ajabu zaidi: aliruka, akatua kwenye kiti cha pili, akakilaza nyuma.

"Taulo! Nifunikeni taulo la moto usoni!"

"Wewe umeingiwa na nini?" aliuliza Kinyozi.

"Saluni tupu inatia aibu mbele ya mtu mwenye pesa! Nitakuwa mteja! Haraka!"

"Kijana huyu ana akili," alisema Mama Mkwe, akachota taulo kwenye beseni la maji ya moto, akalikamua, akamfunika uso mzima, pua na vyote. Kisha akamgeukia Kipara, akamvingirisha kwa kitambaa cha kunyolea kwa namna ambayo upande wa kushoto tu ndio ulioona dunia.

Kinyozi angekuwa na nafasi ya kusema neno, angelisema. Mlango ulikuwa umeshafunguka.

Mama Magari anakodisha magari ya harusi. Hutembea na mawili hata akienda kununua chumvi, moja lake, moja la mizigo. Aliingia na manukato yake, nayo yakafika kwanza.

"Yuko wapi?"

"Huyu hapa, mama," alisema Mama Mkwe, akageuka nusu, kama mtu anayeonyesha kitambaa asichotaka kioneke kilipotoboka.

Mama Magari alivua glavu. Akagusa ubavu wa kushoto kwa vidole viwili, kisha kiganja kizima. Alifumba macho.

"Laini," alisema. "Laini wa kweli. Hata chembe."

"Hata chembe," Mama Mkwe aliitikia.

"Namchukua. Sitaki hadithi."

Akafungua mkoba. Bunda la noti likatua kwenye rafu, kati ya kopo la poda na chupa ya spiriti. Kwenye bunda lile Kinyozi aliiona cherehani nzima, na meza yake, na mafuta ya kuilainisha.

Mkewe alikuwa amesimama kwenye pazia.

Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. Mkononi alishika shati la mtoto wa darasa la kwanza, lenye kola ndogo kuliko kiganja, na sindano ikining'inia kwenye uzi. Aliyatazama yale manoti. Akalitazama shati. Kwa mkono alikuwa ameshona mkono mmoja tu wa shati hilo tangu asubuhi.

"Mama," alimwambia Mama Magari. "Mgeuze."

"Unasemaje, mwanangu?"

"Mbwa. Mgeuze upande wa pili."

Mama Mkwe alipatwa na kikohozi cha hatari. Kinyozi alifumba macho. Taulo kwenye kiti cha pili liliacha kupumua.

Mama Magari alikifunua kitambaa, akamgeuza Kipara.

"Ni mbwa wa kawaida," alisema mke wa Kinyozi. "Hunyolewa. Tumejua leo. Mume wangu alitaka kukuuzia, si kwa roho mbaya. Mbwa huyu alinunuliwa kwa cherehani yangu, na bila cherehani kuna watoto hawatakuwa na nguo Jumatatu. Lakini siwezi kuwavalisha kwa pesa hiyo, mama. Kila nikishona ningemwona huyu, na upande wake mmoja."



Kinyozi alifumbua jicho moja. Alimtazama mkewe, vidole vya plasta, sindano inayoning'inia, na akajiona mdogo kuliko lile shati. Alisogea, akasimama kando yake. Alichukua lile bunda kwenye rafu, akalirudisha ndani ya mkoba uliokuwa wazi, kwa mkono wake mwenyewe.

Kidevu cha Mama Magari kilianza kutikisika. Alirudi nyuma, akakaa kwenye kiti cha kwanza bila kuangalia, na kiti, ambacho pampu yake ni mbovu, kikaanza kushuka naye taratibu.

"Hata ninyi?" alisema akishuka. "Hata ninyi?"

"Hata sisi nini, mama?"

"Dereva!" Mama Magari alipaza sauti. "Mlete Malkia!"

Dereva aliingia amebeba mbwa aliyevaa koti lenye vifungo vya lulu, kofia, na soksi nne. Mama Magari alifungua vifungo kimoja kimoja. Koti likaanguka.

Manyoya yalifumuka kama godoro lililopasuka!

"Huyu ni Laini," alisema Mama Magari, na machozi yakamtoka. "Nilimnunua kwa mfugaji mkubwa wa Laini, kwa gari. Gari zima, la milango minne. Namnyoa mwenyewe, bafuni, nimejifungia, kwa wembe wa mume wangu. Mume wangu haelewi kwa nini wembe unakufa makali na ndevu zake zipo palepale. Anadhani nina mtu!"

"Pole, mama," alisema Kinyozi, na kama fundi alishindwa kujizuia: "Wembe kwa mbwa ni hatari. Atapata vipele."

"Anavyo! Ndiyo maana mwezi huu sijamnyoa. Na mimi nimechoka. Siku ya maonyesho ya Chama imekaribia, nikasema nitafute mmoja wa kweli, hata kwa bei gani, niwe mkweli angalau mara moja."

Mke wa Kinyozi alichuchumaa karibu na kile kiti, ambacho sasa kilikuwa kimefika chini kabisa.

"Na wenzako wa Chama, mama? Mbwa wao wakoje?"

"Wenzangu wana Laini halisi."

"Umewashika?"

"Nani ashike mbwa wa mwenyekiti? Wa mwenyekiti hatoki bila koti." Mama Magari alikunja uso. "Hata jua likiwaka."

"Na wa katibu?"

"Wa katibu ni wa kofia na shali."

"Na mhazini?"

"Mhazini wetu..." Macho yake yalitanuka. "Mhazini wetu, kila mkutano, mkoba wake unanguruma."

Wote waliigeukia mashine ya kunyolea iliyokuwa bado inanguruma juu ya rafu, kwa maana Kinyozi alisahau kuizima.

"Mungu wangu," alisema Mama Magari. "Chama kizima!"

Hapo mwanamke huyu wa biashara akarudi katika hali yake. Alipenga kamasi, akainuka kutoka chini kwa msaada wa Dereva, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Kinyozi, utatunyolea. Wote. Kwa siri, mlango wa nyuma. Na wewe, mwanangu, nasikia ni fundi. Utatushonea makoti. Mtakula mpaka mchoke."

Mama Mkwe alishaanza kuitikia kwa kichwa. Mkewe Kinyozi alitikisa chake.

"Kumnyoa mbwa anayesikia joto, mume wangu atamnyoa. Koti la baridi nitashona, tena zuri. La kumficha, hapana. Siku ya maonyesho wavueni wote, hadharani, kwa pamoja. Mtachekana mara moja, basi. Kisha kila mtu ataenda nyumbani na mbwa wake."

"Unataka nife kwa aibu?"

"Nataka ulale usingizi, mama. Na mumeo apate wembe wake."

Mama Magari alimtazama Malkia, ambaye alikuwa akijikuna kwa raha ya mtu aliyevua kiatu kinachobana. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, alitabasamu.

"Nitalifikiria," alisema. "Lakini makoti ya baridi utanishonea?"

"Kwa kipi? Sina cherehani."

"Kama ni cherehani tu, ninayo garini."

Mke wa Kinyozi alisogea karibu.

"Unashona, mama?"

"Nani, mimi? Hata kifungo sijui. Niliinunua kwa kijana mmoja wa yule mfugaji, kwa huruma tu. Alivyolia yule mtoto! Imekaa nyuma ya gari, inanigongea kila kwenye tuta. Chukua. Maliza sare za watoto kwanza, makoti baadaye. Dereva! Ilete."

Kinyozi alimshika mkewe mkono. Mkewe alikuwa akicheka na kulia kwa wakati mmoja. Sare zitashonwa! Jumatatu ilikuwa imeokoka!

Kwenye kiti cha pili, taulo lilianza kutetemeka.

"Mteja wako anasikia baridi," alisema Mama Magari.

"Ni homa," alisema Mama Mkwe. "Mpole sana huyo, hasumbui."

Dereva aliingia ameikumbatia cherehani, akaitua mezani. Ilikuwa nyeusi, ya mkono, imezeeka vizuri. Kwenye gurudumu lake palifungwa kipande cha kitambaa chekundu. Na droo yake ndogo, mahali pa kishikio, ilikuwa na kifungo cha koti, kikubwa, cha kahawia, kimefungwa kwa uzi wa kijani.

Mke wa Kinyozi aliacha kucheka.

Alisogea hatua moja. Akagusa kile kifungo. Alikumbuka siku alipokifunga, siku ya kwanza ya kazi yake, kishikio kilipovunjika na mteja amesimama mlangoni. Uzi wa kijani ndio uliokuwa karibu.

"Hii ni yangu," alisema.

"Haiwezekani, mwanangu," alisema Mama Magari kwa upole.

"Kifungo hiki nimekifunga mimi."

"Nakwambia haiwezekani. Mwenyewe namjua habari zake. Mwenyewe..." Akasita, akashusha sauti. "Masikini, mwenyewe hawezi kuwa wewe."

Hapo ndipo Kipara, ambaye tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza maoni yake, alipoona taulo lenye joto. Aliruka kutoka kwenye ubao, kitambaa cha kunyolea kikimfuata kama shela, akapanda kiti cha pili, akauma ncha ya taulo, akavuta.

Taulo likatoka.

Chini yake palikuwa na uso mwekundu, uliolowa, wenye macho yaliyofumbwa kwa nguvu kama ya mtoto anayedhani asipoona haonekani.

Jicho moja lilifumbuka.

"Habari za mchana," alisema Shemeji.

Mama Magari alirudi nyuma mpaka akagonga kioo.

"Wewe!" alisema. "Wewe si ndiye kijana wa mfugaji? Wewe si ndiye uliyenililia mpaka nikakupa leso yangu, ukaniambia cherehani hii ni ya dada yako marehemu?"

Kinyozi alinyoosha mkono, akaizima mashine ya kunyolea.

"Si niliuliza mimi," alisema Mama Mkwe polepole. "Nikauliza, nani kafa?"

Na marehemu, akiwa amesimama katikati ya saluni, akaliweka lile shati dogo begani kwa mumewe, akaanza kukunja mikono ya blauzi yake.